Kikundi cha Ukoo: Carmen ya Shangazi

Shangazi Leeds: Assalaam alaykum wote. Onyesho la kikundi chetu cha kuimba hapa Leeds, Uingereza, ndiyo wiki hii, Jumatano mpaka Jumamosi. Niombeeni, koo linaniwasha tangu juzi.

Ami: Waalaykum salaam. Tangawizi na asali, maji baridi yaache. Mara hii mnaimba nini?

Shangazi Leeds: Carmen, opera (mchezo wa kuigiza kwa kuimba) ya Mfaransa Bizet. Msichana wa kiwanda cha sigara Sevilla, Hispania, anamtia wazimu askari, askari anatoroka jeshi anaingia kwenye magendo. Kisha bibie anahamia kwa mcheza ng'ombe, yule askari anamchoma kisu nje ya uwanja.

Dada: Yarabi. Bibi yuko hapa kwangu, kasikia yote. Anauliza, mcheza ng'ombe kama wa Pemba?

Shangazi Leeds: Ndiyo, ila kule ng'ombe anauawa. Pemba anachezwa tu, kisha anarudi zizini kwake.

Dada: Anasema Wapemba wana adabu zaidi.

Mdogo: Shangazi, Carmen ni wewe??

Shangazi Leeds: Weee! Carmen ni mwalimu mmoja wa sekondari, ana sauti nene ya chini. Mimi kwaya. Lakini kwaya ndiyo yenye kazi. Kuna pahala wanawake tunatoka kiwandani tunagombana mbele ya ofisa: nusu tunasema aliyeanza ni Carmencita, nusu tunasema Manuelita, mbio mbio, huku tunakatizana. Tumefanya mazoezi tangu wakati wa baridi na bado kuna mtu anaingia kabla ya zamu yake. Simtaji, ila anasimama kulia kwangu.

Mdogo: 😂😂😂

Ami: Mipasho hiyo!

Shangazi Leeds: Mipasho kabisa kaka, ila huku hakuna wa kututunza.

Dada: Bibi anauliza unalipwa ngapi.

Shangazi Leeds: Tunalipa sisi. Ada ya mwaka, na nguo za kukodi juu yake. Anayelipwa ni kiongozi wa muziki na baadhi ya wapiga ala.

Dada: Kanyamaza kwanza. Sasa anasema, "Analipa ili aimbe?"

Ami: Mama asishangae. Ikhwan Safaa, wale wa taarabu Zanzibar, tangu 1905 ni klabu ya wanachama. Mchana mtu kazini, jioni na fidla yake.

Shangazi Leeds: Umeona! Tena wanaume tunawatafuta kwa tochi. Walio askari sehemu ya kwanza ndio hao hao wa magendo sehemu ya tatu. Juzi mmoja kaingia na mzigo wa magendo mgongoni, kofia ya jeshi bado kichwani.

Mdogo: Naona Bizet alifariki 1875, mwaka ule ule ilipoanza kuonyeshwa.

Shangazi Leeds: Miezi mitatu tu baadaye, ana miaka 36. Paris waliiponda, wakasema haina heshima. Hakuwahi kuona inavyopendwa leo.

Mdogo: Na ule wimbo maarufu, eti si wake?

Shangazi Leeds: Habanera. Aliudhani wa kienyeji, kumbe una mwenyewe, Mhispania Yradier. Alipojua akamtaja kwenye kitabu cha noti za muziki.

Ami: Muungwana. Kwetu angekaa kimya mpaka kesi.

Dada: Bibi anauliza nguo yako ina mikono?

Shangazi Leeds: Ina, mpaka viwikoni.

Dada: Mbona isifike viganjani?

Shangazi Leeds: Ni wasichana wa kiwandani, Mama, na Sevilla joto! Basi nitavaa fulana ndefu kwa ndani.

Dada: Anasema na hiyo sigara uishike tu, usivute.

Shangazi Leeds: Ya bandia, Mama. Haiwaki hata ukiitia kiberiti.