Naomba ushauri: kupima mzigo wa mfumo kabla ya kuuachia kwa watumiaji

Wakuu, habari za kazi. Tunakaribia kuachia mfumo wa mauzo wenye tovuti na programu ya simu, zote zikitegemea seva moja. Nimeanza kuupima kwa JMeter, programu inayoigiza watumiaji wengi kwa wakati mmoja, na kuna jambo linanitatiza sana.

Nikiweka watumiaji 200 wa kuigiza, wastani wa muda wa majibu uko chini ya sekunde 1, safi kabisa. Lakini nikiangalia asilimia 95, yaani muda ambao maombi 95 kati ya 100 hayauvuki, inaruka hadi sekunde 6! Prosesa ya seva haifiki hata nusu. Ninachohisi ni kwamba maombi yanapanga foleni kusubiri miunganisho ya hifadhidata, ambayo kikomo chake ni 20. Je, niongeze kikomo, au kwanza nizisake hoja za SQL (maagizo ya kusoma au kuandika data kwenye hifadhidata) zinazoshikilia muunganisho muda mrefu? Nasita kuongeza tu, maana naweza kuwa nahamishia foleni ndani ya hifadhidata yenyewe.

La pili, upande wa simu. Majaribio yangu yanapita kwenye mtandao wa ndani wenye kasi, wakati mteja halisi intaneti yake inakatikakatika, na programu ikikosa jibu inarudia ombi. Marudio hayo yanaongeza mzigo seva ikiwa tayari imeelemewa. Mnayaigizaje kwenye skripti? Na kati ya ombi na ombi mnaweka pumziko la muda gani ili lifanane na mtu anayesoma skrini?

Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali, hata kwa kunionyesha alivyopanga majaribio yake.