Intaneti ya kasi vijijini Mtwara na Lindi: ije sasa, au isubiri maji na barabara?

Ndugu zangu wa Kusini, naomba tulijadili hili. Nyumbani kwetu Tandahimba simu ya mama hutundikwa kwenye msumari juu ya mlango wa uani, maana hapo ndipo mtandao unaposhika. Ukimtumia picha ya mjukuu inazunguka mpaka bando linakata.

Tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho imehamia kwenye mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa, TMX. Mnunuzi anaweka bei kwenye kompyuta. Mwenye korosho anaisikia bei hiyo kwa mtu aliyeambiwa na mtu. Kijana akitaka kuomba mkopo wa chuo, maombi ni ya mtandaoni, basi apande bodaboda hadi mjini, na wengi wakishaonja mjini hawarudi. Mimi nasema intaneti ya kasi ifike kwenye ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, na shule ya kata, na ifike sasa.

Kutoka Newala
Mwanangu, nimekusoma. Huku kwetu juu ndoo ya maji bado ni safari. Na usidhani tunauza kangomba, kwa walanguzi nje ya mnada, kwa kutojua bei. Bei tunaijua! Mwezi wa pili, wa tatu, ndani hamna unga, mtoto kafukuzwa kwa ajili ya sare, anakuja mtu na hela mkononi. Unamkabidhi korosho ambazo hata maua hazijatoa. Intaneti itanipa unga?

Halafu tukumbuke gesi. 2013 watu walikufa Mtwara kwa ajili yake, na 2015 bomba likazinduliwa kuipeleka Dar. Kila kitu kikubwa hapa kinapita. Nani ananihakikishia mkongo wa intaneti nao hautapita tu?

Kutoka Kilwa
Mzee wangu, shikamoo. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara pale Somanga, magari yakakwama huku na huku. Mwezi huohuo nyaya za baharini zikaharibika, intaneti ikasumbua nchi nzima. Nilikuwa na mgonjwa wakati ule. Siwezi kuchagua kati ya barabara na mtandao, vyote viwili nilivililia.

Mwanzisha mada
Mzee, kwenye kangomba umenishika, na nakubali: njaa ya mwezi wa tatu haitibiwi na mnara. Ila fikiria mkulima ambaye mauzo yake ya misimu mitano yanaonekana kwenye mfumo, akaweza kuomba mkopo mdogo akiwa kijijini kwake kabla ya mwenye kangomba hajabisha hodi. Leo hana pa kuanzia. Hilo ndilo ninalolipigania.

Na hofu yako ya gesi ni ya haki. Ndiyo maana sitaki tuhesabiwe minara. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote upo kwa sheria ya 2006, unatoa ruzuku minara ijengwe vijijini, na hilo ni jema. Lakini mnara wetu unaangalia barabara kuu. Sisi wa bondeni tunahesabiwa tumefikiwa. Kipimo kiwe kasi inayopatikana ghalani, saa ya mnada, kwa bando ambalo mkulima analimudu.

Diwani wetu akija, nitamkaribisha uani. Asimame penye ule msumari, apige simu ya video.