Lushoto, Mufindi au Njombe? Siku nne za Saba Saba

mtoto_wa_Kinondoni
Wakuu habari za jioni. Nimepata siku nne hapo Saba Saba nataka niitoe familia mjini tukaonje baridi. Nataka kijijini hasa, sehemu unafungua mlango asubuhi unakuta ukungu umekaa juu ya migomba, mnakoka moto, mnachoma viazi, simu zinawekwa pembeni. Nimebaki na sehemu tatu, Lushoto, Mufindi na Njombe. Mliofika nishaurini, nataka nilipie wiki hii hii.

Mkinga_Halisi
Njombe mkuu. Lushoto ni hewa nzuri tu, baridi yenyewe iko kwetu. Mwezi wa sita na wa saba kuna asubuhi unaamka majani yote meupe kwa barafu, ukikanyaga yanalia chwa chwa mpaka jua lipande. Viazi utakula vya shambani, parachichi usiseme. Na ukipata nafasi panda Kitulo ukaone maua, wenyewe tunaita Bustani ya Mungu.

Bi_Mazinde
Mdogo wangu umeuliza nusu swali. Mko wangapi? Watoto wa umri gani? Gari au basi? Bajeti je? Na hizo siku nne ni pamoja na njia au ni za kukaa tu?

fundi_gia
Swali la njia ndio la kwanza. Dar mpaka Njombe ni kama kilomita 700. Utoke alfajiri, upite Mikumi taratibu maana ukigonga mnyama unalipa, halafu Kitonga unapanda nyuma ya malori, Iringa, Mafinga, Makambako, ndio uanze kuitafuta Njombe yenyewe kama kilomita 60 nyingine. Kwenda siku, kurudi siku, baridi utaila siku mbili tu umechoka. Mufindi ni karibu zaidi ila sio sana.

Nyota_Mafinga
Mbona Mufindi mnaipita kama kituo cha mafuta jamani? Mashamba ya chai yale yamefuata vilima mpaka macho yanaishia, asubuhi wachumaji wanaingia na vikapu mgongoni ukungu umewafunika mpaka kiunoni. Watoto wa mjini wengi wanakunywa chai kila siku hawajawahi kuuona mchai. Nenda ukatembee tu, hakuna kiingilio cha ukungu. Na wewe Mkinga, maua ya Kitulo ni ya masika, kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi. Mwezi wa saba atakuta nyasi na upepo.

Mkinga_Halisi
Nyasi za Kitulo nazo ni nzuri.

mtoto_wa_Kinondoni
Samahani wakuu nilikuwa kazini. Tuko sita, mimi, mke wangu, watoto watatu mdogo ana miaka mitatu, na mama yangu mzazi. Gari ni IST. Siku nne ni pamoja na njia. Bajeti laki sita bila mafuta.

fundi_gia
Watu sita kwenye IST??

Bi_Mazinde
Basi hapo ni Lushoto. Njia ni ile ya kaskazini, Chalinze, Segera, Korogwe, unafika Mombo bado unatoka jasho, unakata kulia unaanza kupanda. Ni kilomita 33 tu za lami ila kona juu ya kona, mlima upande huu korongo upande huu, nenda gia ndogo piga honi kila kona. Ukifika Soni unazima kiyoyozi mwenyewe bila kuambiwa. Hapo simameni muone maporomoko, watoto watafurahi.
Irente msiende asubuhi na mapema, ukungu unaziba kila kitu mtaona ukuta mweupe. Subirini jua lipande, saa tano hivi, ukisimama pale juu unaiona Mazinde na mbuga yote chini mpaka mbali huko, magari ya barabara kuu kama sisimizi. Kuna shamba hapo jirani wanatengeneza jibini, jamu na mkate mweusi, mnaagiza mnakula nje kwenye majani. Na mama apelekwe sokoni, kabeji, karoti na viazi vya Lushoto hatataka kuondoka. Malazi ulizia nyumba za wageni za kanisa, ni safi na bei ni za watu wa kawaida.

abiria_wa_reli
Kwa watu sita mimi ningeacha gari nyumbani. SGR mpaka Moro hamfiki saa mbili, ilipoanza Juni 2024 nauli ya kawaida ilikuwa elfu 13. Mnalala vijiji vya Uluguru huko juu, mnapanda mpaka Morningside kwenye lile jengo la Wajerumani.

Nyota_Mafinga
Morningside unapanda kwa miguu, mtoto wa miaka mitatu na bibi watapandaje?

Mama_Wawili
Mimi naomba niseme jambo moja kabla hamjaendelea kubishana. Mwaka juzi tulienda sehemu ya baridi na watoto, gesti siitaji, tumefika usiku hita ya maji haifanyi kazi, blanketi moja jembamba kwa kitanda, watoto wanatetemeka, yule dada wa mapokezi kwa roho nzuri kabisa akatuletea jiko la mkaa limeshika vizuri akaliweka katikati ya chumba, tukafunga madirisha na mimi mwenyewe kwa mikono yangu nikaziba chini ya mlango kwa kanga. Saa nane usiku nasikia mdogo analia kwa mbali, nataka kuinuka miguu haina nguvu, kichwa kinagonga, namtikisa mume wangu haamki. Nikatambaa mpaka mlangoni nikafungua, nikawaburuta wanangu mmoja mmoja, baba yao nikammwagia ndoo ya maji. Tulikaa barazani na mablanketi mpaka kunakucha, asubuhi hospitali. Daktari alituambia ile gesi ya mkaa haina harufu wala rangi, unalala tu ndio basi. Kwa hiyo moto kokeni popote huko nje, lakini jiko lisiingie ndani.

Wa_Limuru
Pole sana mama, Mungu ni mkubwa. Huku kwetu Limuru, Kenya, Julai jua tunalisahau kabisa na watu bado wanaingiza jiko ya makaa kwa nyumba. Nunua zile chupa za mpira za maji moto, unafunga na taulo unaweka miguuni, inafika asubuhi kama bado ina joto.

Bi_Mazinde
Pole mwanangu. Mtoa mada, mama yako ana shida yoyote ya kifua?

mtoto_wa_Kinondoni
Pole sana dada, nimesoma mara mbili. Ndio, mama ana pumu, anatumia dawa ya kuvuta.

Bi_Mazinde
Hiyo ndiyo ungeanza nayo! Hewa baridi inaamsha pumu, na moshi wa moto wako wa viazi pia. Amuone daktari wake kwanza, na dawa abebe mbili mbili, moja iwe ya akiba.

Mkinga_Halisi
Kwa mama mwenye pumu hata mimi naondoa Njombe. Ila mwakani bila mama njoo.

mtoto_wa_Kinondoni
Nimempigia sasa hivi. Anasema yeye haachwi, na kama kuna sehemu atachimba viazi kwa mkono wake twende huko huko hata usiku. Kliniki ana miadi Alhamisi, nitasubiri.

Nyota_Mafinga
Viazi vya kuchimba Mufindi vipo, nina shangazi kule.

Bi_Mazinde
Lushoto navyo vipo, mwenye shamba unamlipa debe mnachimba wenyewe.

fundi_gia
Mkuu bado hujanijibu la watu sita. Na breki umeangalia lini? Ile Mombo kushuka ni hatari kuliko kupanda.