Mlango wa mninga futi 7 kwa 3: vanishi gani haibabuki juani? Naomba ushauri wa haraka

Msasa120 (mleta uzi)
Wakuu, kwema? Naomba msaada kwa wanaojua kazi ya mbao. Nimetengeneza mwenyewe mlango wa mbele, mninga mtupu, hakuna plaiwudi wala MDF. Urefu futi 7, upana futi 3. Mbao za kusimama ni milimita 150 kwa 45. Za kulala ni tatu: ya juu 150, ya kati 200, ya chini 250. Paneli mbili za milimita 25. Viungo vyote ni ulimi na tundu (ncha ya mbao moja inaingia kwenye tundu la nyingine), nimepiga na kabari. Kazi nimefanyia bandani kwangu kwa keekee, patasi na randa ya umeme. Mbao imekauka vizuri. Mlango utatazama jua la jioni. Swali ni moja tu: nipake vanishi gani isibabuke? Jumamosi lazima uwe umesimama, maana kuna ugeni. Usingizi sina. Naomba kuwasilisha.

Kokoto
Weka mlango wa chuma ulale usingizi. Vibaka wa siku hizi hawaangalii ulimi na tundu, wanaangalia dirisha.

Fundi Timazi
Vanishi ya ndani usiguse. Tafuta ya nje, ile ya maboti, yenye kinga ya jua. Piga msasa 120, kisha 180. Koti la kwanza lipunguze kwa tina, kama sehemu moja ya tina kwa nne za vanishi, lizame. Baada ya hapo makoti matatu, kati ya koti na koti pitisha msasa 240 kidogo tu uondoe mng'ao. Makali ya juu na ya chini yapakwe sawasawa na uso wa mlango. Hapo ndipo mafundi wengi wanapotega, kwa kuwa hapaonekani, na ndipo maji huingilia.

Lakini kabla ya vanishi nijibu mambo matatu. Mbao zilikaa muda gani tangu zipasuliwe? Gundi gani? Na paneli umezitia gundi kwenye mfereji au zinacheza?

BintiPangani
Mnaongelea vanishi, kitasa hamjakiuliza. Kaka, usichimbe shimo la kitasa katikati ya mbao ya kulala ya kati. Shimo hilo linakata ulimi wote wa hapo na kiungo kinabaki kwa jina tu. Shusha au pandisha kitasa kiangukie kwenye mbao ya kusimama peke yake. Bawaba ziwe tatu za inchi 4 au 5. Ya juu sentimita 15 kutoka juu, ya chini 25 kutoka chini. Ya tatu wengi huiweka katikati kabisa, mimi naona iko sahihi zaidi ikisogea juu, kwa sababu mzigo unavuta bawaba ya juu.

Msasa120
Asante sana dada, kitasa nimekielewa. Fundi Timazi, muuzaji alisema mbao imekauka na gundi ni imara, huko sina wasiwasi. Wasiwasi wangu ni jua. Hiyo vanishi ya maboti lita moja inatosha pande zote mbili?

Gogo la Tabora
Kabla hujapaka chochote, huyo muuzaji alikupa risiti na karatasi za TFS, Wakala wa Huduma za Misitu? Mninga unakatwa ovyo huku kwetu mpaka unauliza miti imeenda wapi. Mti huo unakua polepole, hauji kwa msimu kama mahindi. Na mbao bila karatasi ikifika kwenye kizuizi cha barabarani ni kilio. Tuache mazoea ya kununua kwa kificho halafu tunakuja kuuliza vanishi.

Bin Mfaa
Paneli za nini, ndugu yangu? Mlango wa mbele ni wa mabao. Tazama milango ya zamani ya Mji Mkongwe: mabao mazito ya kusimama, nyuma yamebanwa na mbao za kulala, misumari mikubwa inatokeza mbele, mfaa unafunika pale mbawa mbili zinapokutana. Hakuna paneli ya kupasuka. Ukitaka wa kisasa wa namna hiyo, mabao ya milimita 40 yenye ulimi na mfereji, usitie gundi kati ya bao na bao, nyuma mbao tatu za kulala zilizoshikwa kwa skurubu, na matundu ya skurubu uyarefushe kidogo kwa upana ili bao lipate pa kwenda.

Fundi Timazi
Bin Mfaa, huyo kesha tengeneza, unampa mlango mwingine. Lita moja haitoshi, chukua mbili. Sasa nijibu yale matatu.

Msasa120
Sawa, lakini msinirushie mawe. Mbao zilipasuliwa kama wiki tatu kabla sijaanza. Zilikuwa inchi 2, zilishinda juani kila siku, juu zilikuwa kavu kabisa, hata randa ilitoa vumbi. Gundi ni ile nyeupe ya mbao. Paneli nimeunga mbao tatu tatu, nikatia gundi mfereji wote kuzunguka ili zisigonge upepo ukivuma. Na niseme tu, nyumba yenyewe iko Dodoma, banda langu ndilo liko Kigamboni.

Lakini mninga unajulikana, hauendi kombo. Mafundi wote wanasema hivyo. Na gundi kila mahali si ndiyo uimara? Nimeshalipia gari la Ijumaa.

Pimamaji
Hapo ndipo uzi ulipaswa kuanzia.

Mafundi hawajakudanganya kuhusu mninga, wamekuambia nusu. Mninga husinyaa kidogo kuliko mbao nyingi: ukitoka mbichi hadi kukauka, upana wake hupungua kama asilimia 1 hadi 1.5. Mkaratusi kwa hali hiyo ungekuwa umeshapasuka bandani. Sasa piga hesabu. Paneli yako ina upana wa kama milimita 634 ukijumlisha inayoingia kwenye mifereji. Asilimia hiyo ni milimita 6 hadi 9. Urefu wa mbao haupungui, kwa hiyo mbao zako za kulala hazitafupika kufuata paneli. Paneli inataka kujivuta ndani milimita 9, umeifunga kwa gundi pande zote. Itapasuka katikati, au itang'oa ukingo wa mfereji. Hakuna njia ya tatu.

Tena unaipeleka Dodoma. Mbao ya Dar hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 au 15. Dodoma kiangazi inashuka hadi 10 hivi, na upepo juu yake. Jua la jioni linakausha uso wa nje wakati wa ndani uko kivulini, mlango unakunja mgongo.

Na kukaa juani wiki tatu ndiko kulikokudanganya. Ngozi ya mbao inakauka, moyo unabaki mbichi. Mbao ya inchi 2 inatakiwa ikae kivulini nusu mwaka au zaidi, imeinuliwa kutoka ardhini, vijiti vya inchi moja kila sentimita 60 vikipangwa mstari mmoja juu mpaka chini, miisho imepakwa rangi ya mafuta, na uzito juu.

Mfukua Nyuzi
Jamani mbona mnajibu chai, stori ya kutunga, kwa makini hivi? Post ya kwanza mbao "imekauka vizuri", ya tatu ina wiki tatu. Ya kwanza nyumba haina mji, ghafla iko Dodoma. Picha hakuna. Tundu la ulimi kwenye mbao ya milimita 45 kwa keekee na patasi, mtu asiyejua hata paneli haitiwi gundi? Chai hii, tena ya rangi, sukari hamna.

Kokoto
Niko pale nimekaa na kitumbua.

Msasa120
Chai ya nini sasa? Tundu la milimita 15, unatoboa matundu mfululizo kwa keekee halafu patasi inasafisha kingo, ni kazi ya uvumilivu tu. Picha simu yangu kamera imekufa. Mlango upo, juzi tumeupima kwenye mizani ya magunia ya jirani ili mwenye gari ajue uzito: kilo 55.

Mfukua Nyuzi
Umejimaliza mwenyewe. Nimejumlisha vipimo vyako vyote. Mbao za kusimama, za kulala na paneli zinafika karibu mita za ujazo 0.07. Mninga mkavu ni kama kilo 640 kwa mita ya ujazo. Mlango wako ulipaswa kuwa na kilo 45. Hizo 10 za ziada umezitoa wapi? Bawaba na kitasa hujafunga. Chai.

Bin Mfaa
Au kauziwa mkongo akaambiwa mninga. Mkongo mkavu ni mzito, unakaribia 820. Mara 0.07 unapata kilo 57.

Pimamaji
Mfukua Nyuzi, hesabu yako ni nzuri kuliko hukumu yako. Mtu anayetunga angeandika namba nzuri. Kilo 10 za ziada ni lita 10 za maji. Huyu amebeba nusu ndoo ndani ya mlango, ndiyo maana nasema mbichi. Lakini Bin Mfaa naye ana hoja, kwa uzito peke yake huwezi kutofautisha mninga mbichi na mkongo mkavu.

Msasa120, umebaki na kipande? Kata kutoka katikati ya kipande, siyo mwishoni, unene wa sentimita 2. Kipime kwenye mizani ya jikoni ya dijitali. Kiweke oveni nyuzi 100 au 105, ukipime kila baada ya saa mbili mpaka uzito ugome kushuka. Toa uzito mkavu kwenye ule wa kwanza, gawa kwa mkavu, zidisha kwa 100. Halafu kitazame kwa lenzi: mkongo vinyweleo vyake mara nyingi vina unga wa njano, mninga ni kahawia wenye michirizi ya dhahabu au myekundu.

Gogo la Tabora
Na risiti bado sijaiona.

Msasa120
Oveni ni ya dada yangu, amenuna. Gramu 132 mwanzo, ikagomea 99. Hakuna unga wa njano, michirizi ipo.

Pimamaji
33 gawa kwa 99, asilimia 33. Ni mninga, na ni mbichi. Ulihitaji 12 au chini kwa nyumba ya Dodoma. Vanishi yoyote juu ya mbao ya 33 itatoka malengelenge, iwe ya maboti au ya meli.

Mfukua Nyuzi
Namba zinakubaliana. Naondoa chai, nabakiza kikombe.

Msasa120
Sasa ndiyo nibomoe? Gundi nyeupe nasikia inalegea kwa mvuke. Lakini nyie hamuelewi, Jumamosi wakwe wanafika na mlango wa zamani ulishatolewa. Nilikuwa nafikiri niusimamishe tu, nipake makoti mengi ili unyevu ubaki ndani usitoke.

Fundi Timazi
Vanishi inachelewesha unyevu, haiufungi. Mvuke ni kweli unalegeza gundi nyeupe, lakini ulimi wako umepigwa kabari, ukilazimisha utapasua mbao za kusimama. Fremu ya mlango, yaani mbao za kusimama na za kulala, iache. Toa paneli peke yake.

Namna ya kufanya: laza mlango, uso wa nje chini. Toboa kona za paneli, ingiza msumeno, kata paneli sentimita 3 kutoka kwenye fremu, itoe nzima utaitumia baadaye. Ule ukanda uliobaki kwenye mfereji uchonge kwa patasi. Halafu toa mdomo wa mfereji wa upande wa ndani kuzunguka, ubaki mdomo wa nje tu. Sasa una daraja ambalo paneli inalalia kutoka ndani, inabanwa na bidingi, vile vijiti vyembamba vya mbao. Bidingi ziwe ndani ya nyumba, zikiwa nje umemtengenezea mwizi njia.

Jumamosi tia plaiwudi ya milimita 18 mahali pa paneli. Wakwe wataona fremu ya mninga na plaiwudi iliyopakwa rangi, hakuna atakayekufa.

BintiPangani
Wakwe wengine wanagonga mlango kusikiliza.

Pimamaji
Nakubaliana na Fundi, ila kusimamisha fremu mbichi kuna masharti. Pande zote mbili upake mafuta ya kitani yaliyochemshwa, koti moja jepesi linalolingana, siyo upande mmoja. Tundika kitambaa au turubai nje kukinga jua la jioni miezi ya mwanzo. Nafasi upande wa kitasa acha milimita 2 tu sasa, maana mbao mbili za kusimama zikisinyaa itafika 5 au 6. Chini acha 8 juu ya vigae. Mbao ya kulala ya chini, ile ya 250, ndiyo ya kuogopa: kama ulimi wake ni mmoja mpana na umetiwa gundi wote, unaweza kupasuka kwa urefu. Ilitakiwa ndimi mbili zenye nafasi kati yake.

Mbao zilizobaki zipeleke Dodoma zikaukie huko huko kivulini. Kila kipande cha majaribio kikifika asilimia 11 au 12, unga paneli mpya. Upana upungue milimita 3 kila upande kwenye daraja, usitie gundi pembeni, na uipake vanishi kabla hujaiingiza, la sivyo ikisinyaa utaona mstari mweupe.

Msasa120
Ulimi wa chini ni mmoja. Nimetia gundi wote. Basi hilo nitaliacha tuone. Paneli nitazikata kesho. Hizo bidingi nipigilie misumari ya ngapi?

Fundi Timazi
Inchi moja, isiyo na kichwa, kila sentimita 15, na uutangulizie tundu dogo ili mninga usipasuke. Msumari uelekee kwenye fremu, usiguse paneli. Ukigusa paneli umeifunga tena.

Gogo la Tabora
Na mbao hizo zinazobaki zitasafiri na karatasi gani?

Kokoto
Wakuu, kuna mwenye kujua bei ya mlango wa chuma kwa sasa?