Kompyuta ya studio: ext4, Btrfs au XFS? Nafomati Jumamosi

Fundi_Barabara8
Wakuu, habari za mchana. Nimenunua kompyuta ya mezani iliyotumika, Jumamosi naiwekea Linux. Nimekwama kwenye mfumo wa faili, yaani namna diski inavyopanga mafaili: ext4, Btrfs au XFS? Nipo Ngamiani, Tanga.

Bi_Raskazone
Nzuri, mdogo wangu. Hujatuambia kitu. Diski ni SSD (ya chipu) au ya kuzunguka? Ukubwa gani? Kazi gani? Windows inabaki? UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) unayo? Bila hayo tutapiga ramli tu.

Mzee_wa_ext4
Weka ext4. Imekomaa tangu keneli (kiini cha Linux) 2.6.28, mwaka 2008. Nina kompyuta tatu za stesheneri hapa Chumbageni, umeme unakatika zikiwa katikati ya kazi, ukirudi zinapitia jonali (daftari la mabadiliko ya diski) na kuwaka. Kwenye diski ya data punguza tu ile asilimia 5 inayotengewa root (msimamizi wa mfumo), kwa `tune2fs -m 1`.

Pongwe_keneli
Heshima yako mzee, lakini jonali ya ext4 kwa kawaida inalinda mpangilio wa mafaili, si yaliyomo. Picha ikiharibika kimyakimya kwenye diski, ext4 haitasema. Btrfs ina alama ya uhakiki kwa data yote. Ukifungua faili bovu inakupa kosa. Fedora Workstation, toleo mojawapo la Linux, inaitumia kama chaguo la kwanza tangu toleo la 33, mwaka 2020.

Mzee_wa_ext4
Itakwambia limeharibika, halafu? Diski ikiwa moja, nakala nzima itatoka wapi ya kurekebishia?

Fundi_Barabara8
Samahani wakuu. Ni studio ya picha na video za harusi. SSD ya GB 256 ya mfumo, diski ya kuzunguka TB 2 ya kazi. Windows inabaki kwa sababu ya programu moja ya albamu. UPS sina.

Bi_Raskazone
Harusi! Basi nikusimulie. Nilitumia Btrfs miaka miwili na nilipenda snapshoti zake (kumbukumbu ya diski ilivyokuwa wakati fulani), sasisho likiharibu mfumo unarudi hali ya jana. Ila nilizielekeza na kwenye folda ya video, kila saa moja. Siku ya siku diski ikajaa video ikiwa inatoka. Nikafuta kazi za zamani, kama GB 80. Nikatazama nafasi: ileile. Nikafuta tena: ileile. Mama wa bibi harusi amekaa kwenye benchi, flashi mkononi, ananiuliza "bado mwanangu?" Jasho linanitoka. Kumbe snapshoti zilikuwa bado zimeshika kila nilichofuta. Mpaka nizifute zenyewe ndipo nafasi irudi. Nilimkabidhi saa tano usiku. Siilaumu Btrfs, hivyo ndivyo inavyofanya kazi. Lakini sikuwa nimeambiwa na mtu, ndiyo maana nakuambia wewe.

Pongwe_keneli
Pole sana dada. Kweli, snapshoti ni za mfumo, folda ya video itengwe. Na Fundi, usitegemee Btrfs kubana mafaili kwa zstd ili kuokoa nafasi, JPEG na video zimeshabanwa tayari.

Makorora_XFS
Mbona XFS mmeiruka? Mafaili makubwa ndiyo kazi yake. Ila patisheni yake (kipande cha diski) haipunguzwi, inaongezwa tu. Pima kabla ya kukata.

Mzee_wa_ext4
Kwa sababu Windows inabaki, zima ile "kuwaka haraka" yake. Windows isipozimika kabisa, patisheni yake ya NTFS (mfumo wa faili wa Windows) ukiifungua kwenye Linux inagoma kuandikwa.

Makorora_XFS
Na flashi za wateja fomati exFAT. FAT32 haibebi faili la GB 4, na video ya harusi inazidi hapo.

Pongwe_keneli
Runinga nyingi za zamani hazisomi exFAT, mkuu. Mteja atarudi kulalamika.

Makorora_XFS
Basi aikate video vipande viwili.

Bi_Raskazone
Wateja wangu hawataki vipande, wanataka kukaa waangalie moja kwa moja. Fundi, nakala ya pili ya kazi utaiweka wapi? Hilo hujajibu.

Fundi_Barabara8
Bado dada, nilidhani TB 2 zinatosha. Nadhani SSD nitaweka Btrfs, diski ya kazi ext4, ila maneno ya XFS nayo yamenigusa. Kuna mtu ananiuzia UPS iliyokufa betri. Hapa mjini betri yake inapatikana?

Mzee_wa_ext4
Ifungue uangalie ubavuni. Ikiwa ni volti 12, ampia-saa 7, njoo Chumbageni nikuelekeze duka. Usinunue iliyokaa rafuni mwaka mzima.