Tupeane uzoefu: wenye kisukari cha kuchoma insulini, masharti ya chakula tunayafuata kweli?

Wakuu, huu ni mwaka wangu wa 14 na kisukari aina ya kwanza. Leo naomba ukweli, si yale majibu ya kliniki.

Naanza mimi. Daftari langu la vipimo nilikuwa nalijaza usiku wa kuamkia kliniki, kwa kalamu mbili tofauti ili lionekane la siku nyingi. Namba zote kati ya 5 na 8, safi kabisa. Daktari akafungua majibu ya HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu: asilimia 10.4, juu mno. Hakusema kitu. Alinirudishia daftari tu, nami nikatamani ardhi ipasuke.

Nyie je?

Mchangiaji 2
Mkuu, mimi utamu haunisumbui. Kinachonivunjia masharti ni sukari kushuka usiku. Naamka jasho tele, mikono inatetemeka, napima 2.9. Sheria naijua: gramu 15 za sukari ya haraka, subiri dakika 15, pima tena. Sasa hizo dakika 15 nani anazisubiri? Mwili unapiga kelele kwamba unakufa! Nilikuwa nafagia kila kilichopo jikoni, chokoleti ikiwemo, kumbe mafuta yake yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu. Asubuhi nakuta 17, nachoma yuniti (vipimo vya insulini) za kurekebisha, mchana nashuka tena. Siku hizi juisi iliyokwishapimwa inalala kando ya kitanda. Jikoni siendi ng'o.

Mchangiaji 3
Mimi ni mzazi, binti yangu ana miaka 9. Nilikuwa mkali kweli, napima kila kitu kwa mizani. Siku moja natandika, nakuta maganda ya pipi chini ya godoro. Nililia. Si kwa sababu ya pipi, ni kwamba mtoto alikuwa ananiogopa mimi kuliko ugonjwa. Tukakubaliana: ukila, sema, tuhesabu wanga, tuchome. Yeye ni yuniti 1 kwa gramu 15 za wanga (msiige, kila mtu ana hesabu yake). Maganda sasa ananiletea mwenyewe, tena na dai la nyongeza.

Mchangiaji 4
Inategemea pia unachoma insulini ipi. Nilipokuwa kwenye ile ya mchanganyiko (ya haraka na ya muda mrefu ndani ya sindano moja), mara mbili kwa siku, chakula ndicho kilichokuwa kinaifuata sindano. Chelewa saa moja, umeshuka. Tangu niwekewe ya siku nzima pamoja na ya haraka ya kila mlo, nafuata maelekezo vizuri kuliko zamani.

Mchangiaji 5
Napingana kidogo na 4. Uhuru huo nami nilipewa nikautumia vibaya: nakula nipendavyo, nafidia kwa yuniti. Mwaka mmoja, kilo 9 zimeongezeka. Halafu vyakula vya mafuta mengi vinadanganya. Saa mbili baada ya kula unapima 7, unajisifu, unalala. Usiku wa manane 15.

Mchangiaji 6
Mimi kinyume chenu. Chakula nilifuata kama askari, insulini ndiyo niliyokuwa naruka ili nipungue uzito. Nilipungua kweli. Kisha nikaanza kutapika, pumzi nzito, ketoni (asidi ambazo mwili hutengeneza ukichoma mafuta kwa kukosa insulini) zimejaa, nikalazwa. Anayefanya hivyo anasoma hapa, aseme kliniki. Mimi niliposema hawakunifokea.

Mleta mada
6, asante kwa kusema hilo hadharani. Wengi hatuulizwi hilo kabisa, tunaulizwa chakula tu.

Swali moja bado: ukialikwa kwa watu, hujui chakula kitaletwa saa ngapi wala kiasi gani, mnachoma lini?

Mchangiaji 2
Sahani ikishafika mezani, si kabla. Nilishawahi kuchoma mapema kwa kuambiwa "chakula tayari". Kikaja baada ya saa nzima, nikanywa soda ya mtoto wa mwenye nyumba huku ananitazama.