Wakuu naomba ushauri: nataka kwenda Kilwa Kivinje kuona mji wa wavuvi, niende lini?

Msukuma_wa_Mwaloni:
Habari za majukumu wakuu. Mimi ni mtu wa Mwanza, nimekulia ziwani, ila bahari naijua ya Dar tu, ile ya kwenda Coco kula mihogo na kurudi. Likizo hii nitakuwa Dar kwa dada yangu na nataka nimchukue mama watoto na kijana wetu wa darasa la sita tukaone mji wa pwani ambao watu wanavua kweli, sio hoteli na miamvuli. Jamaa mmoja kazini kanitajia Kilwa Kivinje, mwingine ananiambia nisihangaike na barabara yote hiyo, Bagamoyo inatosha. Nimepanga kushuka Ijumaa kurudi Jumapili. Malazi yakoje, picha inaruhusiwa, na pale mnadani mtu baki anaweza kununua samaki au mpaka uwe na mwenyeji? Wa kuniuzia vifurushi vya utalii PM tafadhali msijisumbue.

Pweza_Mkavu:
Bagamoyo sio mbaya mkuu, soko la samaki lipo palepale jirani na forodha ya zamani ya Mjerumani, unaenda na unarudi siku hiyohiyo. Ila Bagamoyo ina mambo mengi, kuna chuo cha sanaa, kuna watalii, wachora picha. Kama unataka mji ambao ukitoa bahari hakuna kinachobaki basi wewe nenda Kivinje.

BintiKivinje:
Kaka karibu kwetu. Kwanza hiyo Ijumaa ifute. Ijumaa wengi hawaingii baharini, wakiingia basi ni baada ya swala, kwahiyo utafika utakuta vyombo vimelala na watu wamevaa kanzu. Halafu usipange kwa kalenda ya ofisini, angalia mwezi. Mwezi ukiwa giza ndo dagaa wanavuliwa kwa taa, asubuhi utakuta masufuria yanachemka na dagaa wameanikwa mpaka unakosa pa kukanyaga. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi, wa dagaa wanapumzika, utawaona wamekaa chini ya miti wanatengeneza nyavu. Na giza hilohilo ndo bamvua, yaani maji yanajaa sana na yanakupwa vibaya sana, ghuba yetu maji yake ni mafupi, ina matope na mikoko, ikifika kama saa nne asubuhi bahari imekimbia huko, mashua zimelalia ubavu kwenye tope na kina mama wanashuka kutafuta pweza na chaza. Saa kumi jioni maji yamejaa mpaka ukingoni na vyombo vinaanza kutoka. Ukija siku za maji mafu hayo huyaoni, maji yanapanda kidogo yanashuka kidogo.

Msukuma_wa_Mwaloni:
Dada umenifurahisha, kumbe mambo ya giza ni yaleyale, huku ziwani nako mbalamwezi ikitoka wa dagaa wanarudi nyumbani kulala na wake zao 😂 Hilo la maji kukimbia sasa ndo sijawahi kuliona, ziwa letu asubuhi ulipoliacha jioni unalikuta.

Kolekole87:
Mwambie dogo asiache ndala mbali, maji yakirudi hayapigi honi.

Dereva_wa_Kusini:
Usafiri: panda basi la Lindi au Mtwara, Mbagala wanapitia, mwambie konda akushushe Nangurukuru, hapo unachukua bodaboda au bajaji, Kivinje ni karibu tu. Ukipitiliza kwenye lami ya kushoto unatokea Masoko ambako ndo makao ya wilaya. Lami ipo njia nzima ila masika usijaribu, Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara maeneo ya Somanga watu wakalala njiani na watoto. Nenda kiangazi. Kulala, Kivinje kuna gesti za kawaida, kitanda na neti basi, mama watoto akitaka choo cha kisasa mlaze Masoko halafu mnaamka alfajiri.

Mchuuzi_wa_Feri:
Kuhusu mnada. Hakuna anayekukataza mkuu, ila usiite bei. Samaki wanamwagwa kwa mafungu, dalali anaanza kupandisha haraka haraka, na waliomzunguka ni wachuuzi wa pikipiki wenye matenga na mama wa kukaanga ambaye mtaji wake wa siku ndo huo alioufunga kwenye pindo la khanga. Wewe wa likizo ukiongeza elfu mbili kwa raha zako umemuua. Subiri fungu lipate mnunuzi, mfuate aliyelichukua, mwambie akukatie mtungo mmoja wa changu au tasi, atakuuzia na faida yake kidogo na wote mmefurahi. Fungua matamvua uone kama mekundu. Samaki nyama imelegea na uti umevunjika huyo muache, ukanda ule ulisumbuliwa sana na uvuvi wa baruti, imepungua lakini macho yawe wazi.

Pweza_Mkavu:
Picha piga bana, nchi yako.

BintiKivinje:
@Pweza_Mkavu nchi yake ila bibi yangu sio mnyama wa mbugani. Kaka salimia kwanza, "shikamoo" kwa wakubwa, "za hapa" kwa rika lako, kaa hata dakika kumi, ndo uombe. Wengine watakubali na kukupa pozi, wengine watasema hapana na hapana yao iheshimu. Shemeji avae gauni refu na mtandio, sio lazima ajifunike uso, na wewe hiyo kaptura ya Coco iache kwa dada yako. Ramadhani usije, mchana mtapata shida ya kula na mtoto.

Kijana mpeleke kwa mafundi wa majahazi. Atakuta mzee ana kamba ya pamba mkononi, anaipigilia kwenye maungio ya mbao kidogo kidogo kwa patasi butu, tii tii tii, hapo pasipokalafatiwa vizuri chombo kinavuja. Harufu kali atakayoisikia ni sifa, mafuta ya samaki ya kupaka mbao. Na mwonyesheni mwembe alipotundikwa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895 kwa kuwapinga Wajerumani, darasa la sita lazima wamemfundisha majimaji, huyu alitangulia miaka kumi kabla.

Dereva_wa_Kusini:
Na Kilwa Kisiwani je? Kwenye yale magofu ya mji wa kale.

BintiKivinje:
Hiyo ni siku nyingine, kibali kinalipiwa Masoko ndo unavuka. Asichanganye.

Msukuma_wa_Mwaloni:
Wakuu mmenisaidia sana. Nimeshamwambia mama watoto tunashuka Jumapili tunakaa mpaka Jumatano, mwezi utakuwa giza nimeangalia. Swali la mwisho, nyama ya papa mama watoto hali, kuna mboga nyingine huko?

Kolekole87:
Kuna samaki.